Ndiva za Same na hesabu ya maji ya usiku

Mkulima wa Bangalala akilala, chemchemi za milimani juu ya kijiji chake zinaendelea kutoa maji, na yasipopata wa kuyapokea, mgawo wa saa 12 za usiku unaishia korongoni. Wapare wa kusini, katika wilaya ambayo leo ni Same, walilipatia jambo hili dawa kabla Wajerumani hawajafika. Walichimba ndiva: bwawa dogo la udongo, kando ya mfongo (mfereji wa kumwagilia), linalozibwa jioni na kuzibuliwa asubuhi. Mgeni anayepita barabara kuu ya Arusha hazioni, na hata akipanda mlimani akaonyeshwa mojawapo atadhani ni lambo la kunyweshea ng'ombe.

Siku hizi kila kampuni inataka kuitwa bunifu. Inateua meneja wa ubunifu, inatundika sanduku la maoni ukutani, na mwaka ukiisha sanduku lina vumbi na meneja ana kadi nzuri ya biashara. Ndiva inafaa kuchambuliwa kwa sababu inaonyesha njia nyingine. Nayo ni kampuni kwa maana zote zinazohusika hapa: ina mtaji, wanahisa, kamati yenye mwenyekiti, katibu na mhazini, na ina bidhaa moja ambayo kila mwanachama anaidai siku ileile. Ubunifu wake haukukaa kitengoni. Ulianzia kwenye shimo la maji ukalazimisha kila kitu kingine kipangwe upya.

Tuanze na hesabu, kwa mfano wa kubuni. Tuseme banio linaingiza lita 5 kwa sekunde kwenye mfongo wa udongo wenye urefu wa kilomita 2, na njiani udongo unakunywa lita 2 kwa sekunde kila kilomita. Shambani itafika lita 1 tu kwa sekunde. Kwa siku nzima, usiku na mchana, hizo ni lita 86,400, na nusu yake inafika gizani, wakati hakuna mtu mwenye jembe mkononi. Sasa zuia zile lita 5 karibu na banio kwa saa 12 za usiku. Bwawa linapata lita 216,000. Asubuhi lifungulie kwa saa 4: lita 15 kwa sekunde kutoka bwawani, ukijumlisha na 5 zinazoendelea kuingia, ni 20. Maji mengi yanalowesha kingo pana zaidi, kwa hiyo tukubali kwamba yanapotea lita 3 kwa kila kilomita. Bado zinafika 14 kwa sekunde, na kwa saa 4 hizo ni lita 201,600. Hizo ni zaidi ya mara mbili ya zile za mwanzo, ingawa chemchemi haijaongeza hata tone. Bwawa lenyewe linavuja kidogo na jua linachukua chake, lakini tofauti ni kubwa mno kufutwa na hayo.

Zaidi ya hapo, zimebaki saa 8 za mchana ambazo hatukuzigusa kabisa. Tutazirudia, kwa sababu ndizo zilizoleta amani.

Lita 201,600 zinatosha kulowesha ekari moja kwa kina cha sentimita 5 hivi. Kwa maneno mengine, ndiva ya mfano wetu inalisha ekari moja kwa siku. Wanachama wakiwa 30, na kila mmoja ana ekari yake, wa mwisho anasubiri mwezi mzima, na mahindi yanayotoa mbelewele hayasubiri mwezi. Tambarare za Same hupata milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka, zikigawanywa kati ya vuli na masika, na aghalabu ukame unapiga katikati ya msimu, mmea ukiwa umeshasimama. Maji ya ndiva ni ya kuuvusha mmea wiki mbili tatu za ukame huo, basi. Ndipo shimo linapoanza kutoa amri: eneo la kumwagilia lipunguzwe, zamu ziandikwe, mtu asimwagilie nje ya saa yake. Ukikataa kanuni hizo, hesabu yote tuliyoanza nayo inakufa, kwa maana anayechepusha maji saa 3 asubuhi anaiba kazi iliyofanyika usiku kucha.

Mtaji nao ulitoka mikononi. Wapare wanaita msaragambo ile kazi ya pamoja ambayo kila kaya hutoa mtu na jembe, na mfongo bila msaragambo haudumu misimu miwili. Mchanga unajaa, kingo zinabomoka, mizizi inatoboa. Kwa hiyo haki ya maji ilifungwa kwenye jasho: aliyekuja kusafisha anapata zamu, asiyekuja analipa faini au anakaa bila maji. Na anayesafisha mfongo ndiye anayeujua. Anaona panapovuja, anajua kona ambayo maji yanapunguza mwendo na kudondosha mchanga, anajua ukuta wa ndiva unapotoa jasho. Anayekwenda kuzibua asubuhi anajua jana kimo kilifika wapi. Hakuna mshauri anayehitajika kuwaletea taarifa, maana watumiaji, mafundi na wakaguzi ni watu walewale.

Sakichi Toyoda wa Japani alitengeneza kitanda cha kufumia kinachojisimamisha chenyewe uzi ukikatika; mtambo wake maarufu ulitoka mwaka 1924. Kiwanda cha magari kilichozaliwa katika familia hiyo kikachukua wazo hilo na kumpa kila mfanyakazi ruhusa ya kusimamisha mstari mzima akiona kasoro. Vitabu vya menejimenti vimelisifu sana jambo hili. Huku Pare, mwenye zamu akiona mfongo umepasuka juu ya shamba la jirani, hasubiri kikao: anakwenda na chepe, maana saa yake inakwisha.

Nisipake rangi, hata hivyo. Ndiva nyingi zilikuwa mali ya ukoo uliochimba, na ukoo huo ulishika zamu za mbele. Waliohamia baadaye walipewa maji kwa hisani, na wanawake, ambao ndio walimao sehemu kubwa ya mashamba hayo, hawakuwa na sauti inayolingana na kazi yao kwenye mipango ya mfongo. Huko Pare Kaskazini, ambako leo ni Mwanga, mwanaanthropolojia Michael Sheridan ameandika jinsi banio la mfongo lilivyofungamana na matambiko na mamlaka ya koo. Ubunifu wa ufundi haukuondoa tabaka. Mahali pengine uliliimarisha.

Turudi kwenye zile saa 8. Mito inayoteremka kuelekea bonde la Makanya inapita kwanza kwenye vijiji vya juu, kama Vudee na Ndolwa, kabla ya kufika Bangalala. Kila kimoja kinataka maji yaleyale. Kama wote wangetegemea maji yapitayo tu, wa juu angekula na wa chini angetazama. Lakini wa chini akiwa na ndiva, usiku unakuwa na thamani kwake, na saa 8 za mchana zilizobaki anaweza kumwachia jirani. Marloes Mul na wenzake, waliochunguza ugawaji wa maji katika milima hii na kuchapisha matokeo mwaka 2011, walikuta taratibu za kugawana ndani ya mfongo mmoja na pia kati ya mifongo ya mto mmoja. Bwawa limegawa siku vipande viwili ambavyo watu wawili wanaweza kuvitaka bila kugombana. Binafsi naona hapa ndipo penye akili kubwa kuliko pote: ugomvi wa kiasi cha maji uligeuzwa kuwa makubaliano ya saa, na saa kila mtu anaweza kuihesabu bila kipimo.

Kisha ikaja saruji. Mradi wa TIP, uliosaidiwa na shirika la SNV la Uholanzi, uliboresha skimu za asili na kupanua baadhi ya ndiva. Manoo ya Bangalala ni miongoni mwa zinazojulikana zaidi. Bwawa likiongezwa ukubwa na kusakafiwa, uvujaji unapungua na maji ya kugawa yanaongezeka, hilo halina ubishi. Ila saruji inabadilisha pia aina ya kazi. Ufa wa udongo unazibwa na wanachama wenyewe kwa mfinyanzi wa bondeni, siku hiyohiyo. Ufa wa zege unataka mifuko ya saruji, mchanga safi na fundi, yaani unataka fedha, na faini za watoro wa msaragambo hazikupangwa kununua saruji. Kamati iliyojua kuhesabu siku za kazi ikabidi ijifunze kuhesabu shilingi. Kampuni nyingi zinakwama hapohapo: zinanunua mtambo mpya na kuacha daftari la zamani likiendelea kuongoza.

Katika muongo wa 2000, Chuo Kikuu cha Sokoine na vyuo vya nje vilifanya utafiti wa miaka kadhaa katika bonde la Makanya. Hodson Makurira na wenzake walijaribu matuta ya fanya juu, kuchimbua mistari bila kupindua udongo wote, na kuelekeza maji ya mvua yanayotiririka yaingie shambani. Majaribio hayo yalifanyika kwenye mashamba ya wakulima wenyewe. Ni uamuzi mzuri, kwani mawazo hayo yaliingia mahali ambapo kulikuwa na watu waliozoea kupima jambo kwa kulifanya.

Serikali inapima kwa namna nyingine. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka atumiaye maji awe na kibali, na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ndiyo inayosimamia mito hii. Kibali hutaja kiasi. Ndiva hutaja muda. Kwenye mto unaoshuka hadi robo ya maji yake wakati wa kiangazi, kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi huenda hakimo mtoni kabisa, lakini nusu ya usiku ni nusu ya usiku hata maji yakipungua.

Chini kabisa ipo Makanya, kwenye tambarare kando ya reli na barabara. Matumizi ya juu yalipoongezeka, mtiririko wa kiangazi ukaacha kufika huko, na watafiti hawakukuta makubaliano ya zamu yanayowafunga watu wa milimani na wa Makanya. Undugu na ujirani vilivyowapatanisha Vudee na Bangalala havikunyooka hadi huko. Wakulima wa Makanya wakahamia kwenye mafuriko: mvua ikinyesha milimani, korongo linashusha maji ya tope kwa saa chache, nao wanayakinga na kuyaelekeza mashambani kwa tuta la udongo na matawi. Gharika kubwa hulisomba tuta hilo. Nao hulijenga tena kabla ya mvua inayofuata, safari hii hatua kadhaa juu au chini, kulingana na mahali ambapo korongo limehamia.