Karai la Likoni na unyevu wa hewa

Viazi karai vya Mombasa hulegea upesi, na mara nyingi mpishi hana kosa. Lawama ni ya hewa. Pwani hii unyevu wa asubuhi mara kwa mara hupita asilimia 80, na Mei, masika yanapochacha, hata chumvi ya mezani hushikana mabonge. Wauzaji wa Likoni, Kisauni na Changamwe hawana namna ya kuikausha hewa hiyo, kwa hiyo hupanga kazi yao kuifuata.

Kiazi huchemshwa kwanza, kikamenywa, kikachovywa kwenye rojo zito la unga wa ngano lenye chumvi na rangi ya manjano, kisha kikatumbukizwa kwenye mafuta ya moto. Mafuta yakiwa karibu nyuzi 180, maji ya rojo hugeuka mvuke na kutoka kwa vishindo. Mapovu yanayoonekana karaini ni maji hayo. Yakipungua, ganda limekauka. Mafuta yakiwa baridi, mvuke hutoka kwa unyonge na ganda hunywa mafuta kabla halijashika.

Kiazi kikishaopolewa, ganda hushambuliwa pande mbili: mvuke wa ndani unasukuma kutoka, na unyevu wa nje unaingia. Ndiyo maana viazi vizuri havirundikwi wala havifunikwi. Sufuria yenye kifuniko, ambayo mgeni huiona ndiyo usafi wenyewe, huvifanya vitepetevu kwa dakika chache.

Kivukoni Likoni wateja huja kwa mafungu, kadiri feri zinavyotia nanga. Muuzaji hodari huchemsha viazi mapema na kuliweka rojo tayari, kwa sababu hivyo viwili huvumilia kungoja. Ganda halingoji, hivyo hukaangwa watu wakishaanza kushuka. Chatini ya ukwaju nayo humwagwa mteja akiwa amesimama hapo. Osaka, mji mwingine wenye majira ya joto la fukuto, wauzaji wa takoyaki hufuata utaratibu huohuo: madonge yenye pweza hugeuzwa kwenye vishimo vya chuma mbele ya mnunuzi, na mchuzi hupakwa mwisho.

Kachiri za muhogo zina hesabu nyingine. Muhogo hukatwa vipande vyembamba mno, kisha hukaangwa hadi maji karibu yote yatoke. Ndani hamna kiazi laini cha kutoa mvuke. Adui aliyebaki ni hewa peke yake, na dhidi yake mfuko uliofungwa vizuri hutosha. Hatari iko kwenye haraka. Kachiri zikitiwa mfukoni zingali moto, mvuke hugeuka matone na kuzilowesha humohumo. Zikiachwa kwenye sinia wazi kutwa, nazo hunywa unyevu. Pilipili ya unga na chumvi huweza kutangulia, lakini ndimu, ambayo ni maji, hukamuliwa wakati wa kula. Muhogo wenyewe hautaki kukawia: ukishang'olewa huanza kupata michirizi myeusi ndani ya siku mbili tatu, kwa hiyo anayenunua soko la Kongowea huvunja mmoja kwanza atazame weupe wake.

Kwa abiria anayebeba viazi hadi nyumbani, karatasi hufaa kuliko plastiki, maana hupitisha mvuke na kunyonya mafuta ya ziada. Chatini hufungwa kando.