Leseni Haitoshi: Mkataba wa Simu wa 1997

Kufungua soko la bidhaa kunahesabika: ushuru ulikuwa asilimia 30, unashushwa hadi 10. Huduma hazipiti forodhani. Vizuizi vyake vimo ndani ya sheria na leseni, na upande wa simu kulikuwa na kimoja kigumu zaidi: mtandao wenyewe ulikuwa mali ya shirika lililohodhi soko.

Wajumbe wa Shirika la Biashara Duniani walipaswa kumaliza mazungumzo ya simu mjini Geneva mwezi Aprili 1996. Wakashindwa. Marekani iliona ahadi zilizo mezani ni haba, muda ukaongezwa, na tarehe 15 Februari 1997 serikali 69 zikaafikiana. Kwa pamoja zilishika zaidi ya asilimia 90 ya mapato ya simu duniani.

Kwangu, ufundi wa mkataba ule hauko kwenye asilimia hiyo. Uko kwenye Waraka wa Rejea, mwongozo wa kanuni za usimamizi wa sekta uliotokana na mazungumzo hayo, kurasa chache tu. Walioutunga walijua kwamba kampuni mpya inaweza kuwa na leseni halali na bado ikafa, kwa sababu wateja wake lazima wawapigie watu walio kwenye mtandao wa zamani, na bei ya kuunganishwa nao anaipanga mwenye mtandao huo. (Waliowahi kutembea na laini mbili ili kukwepa gharama za kupiga mtandao mwingine hawahitaji maelezo zaidi.) Ndiyo maana Waraka ukamtaka mtoa huduma mkubwa awaunganishe wenzake popote inapowezekana kiufundi, kwa bei inayolingana na gharama, na msimamizi wa sekta asiwe chini ya kampuni yoyote.

Lakini waraka wa mwongozo haumfungi mtu. Kwa hiyo kila nchi iliyoukubali iliuingiza kwenye orodha yake ya ahadi zinazoifunga katika Shirika hilo la Biashara, katika safu ya nne, ile ya ahadi za ziada. Baadhi ziliuhariri kwanza, na nchi nyingine hazikuuingiza kabisa. Orodha ya Tanzania, kwa mfano, ilikuwa na hoteli za nyota nne na kuendelea, basi. Soko lake la simu lilifunguliwa kwa sheria za nyumbani.

Mwenyekiti wa mazungumzo naye aliongeza maelezo yenye uzito kuliko yanavyoonekana: pasipoandikwa vinginevyo, ahadi inahusu teknolojia yoyote. Aliyefungua huduma ya simu bila kuweka mpaka alikuwa amefungua na ya mkononi.

Jaribio la Waraka lilikuja Mexico. Kanuni zake ziliiruhusu Telmex, kampuni ya simu kubwa kuliko zote nchini humo, kupatana na kampuni za nje bei ya kupokea simu za kimataifa, na washindani wake wote wakafuata bei hiyohiyo. Marekani ilishtaki kwenye Shirika la Biashara Duniani. Mexico ikajitetea kwamba Waraka hauhusu simu zinazovuka mpaka. Mwaka 2004 jopo la Shirika hilo lilikataa hoja hiyo, likaona bei zile zimepita gharama kwa mbali. Mexico haikukata rufaa. Ilikubali kuzibadili kanuni.