Kujificha si kufichwa

Sisi tuliosoma Kongo na Burundi tulikaririshwa waandishi wa Ufaransa: Molière, Racine, Voltaire, Hugo. Wanaume watupu. Mimi nilimaliza sekondari nikidhani wanawake wa kule hawakushika kalamu.

Kumbe walishika, tena zamani. Christine de Pizan alifiwa na mume akiwa na miaka kama 25, akalea watoto kwa kuandika, na mwaka 1405 akaandika kitabu kizima cha kuwatetea wanawake. Madame de La Fayette alitoa *La Princesse de Clèves* mwaka 1678 bila kuweka jina. Aurore Dupin akajiita George Sand. Hawa wawili walijificha wenyewe, na siwalaumu. Hata hapa kambini wapo wanaoficha majina, na sababu tunazijua.

Anayeniuma ni Colette. Mumewe, aliyejiita Willy, alikuwa na tabia ya kuandikiwa vitabu na watu wengine halafu anaweka jina lake. Akamwambia mkewe aandike habari za utoto wake shuleni. Mwaka 1900 *Claudine à l'école* ikatoka, na juu ya jalada: Willy. Ikauzwa mno, hadi zikatoka sabuni na manukato ya Claudine. Wapo wanaomtetea huyo bwana, eti alisahihisha na alilijua soko. Sawa, alisahihisha. Hata mhariri anasahihisha, mbona hajiiti mwandishi? Baadaye akauza haki za vitabu vile bila kumwambia aliyeviandika, maana kwenye karatasi vilikuwa vyake. Hapo jina si sifa tu, ni chakula.

Watu hupenda kuruka hadi mwisho: Colette alizikwa na serikali kwa heshima zote mwaka 1954. Vizuri. Lakini Académie française, iliyoanza 1635, haikumchagua mwanamke yeyote hadi 1980, Marguerite Yourcenar. Colette hakuwahi kuingia humo.

Juzi dada mmoja kaniletea hadithi ya usiku waliovuka ziwa, nzuri kuliko zangu zote. Juu kaandika jina la kaka yake. Nikamuuliza, dada, kuna hatari? Akasema hapana, ila kaka ndiye mkubwa wa nyumba. Nimebaki na hadithi. Ukurasa wa kwanza nimemrudishia.