Nafasi Kati ya Y na A

Ukisafiri kwa basi kutoka Dodoma, ukapita Manyoni na Ikungi, ukaingia Singida mjini na kuendelea hadi Shelui, kuna maneno matatu huwezi kuyakwepa: MAFUTA YA ALIZETI. Yameandikwa kwenye mbao, kwenye mabati, kwenye kuta za vinu vya kukamulia na kwenye vipande vya boksi vilivyoegemezwa kwenye madumu. Kwa anayependa herufi, maneno hayo ni mtihani.

Ugumu uko katikati, kwenye YA. Y imetanuka juu ikakonda chini. A imekonda juu ikatanuka chini. Ukizipanga kwa rula, kila moja ikae kwenye kisanduku chake, linabaki pengo jeupe la mshazari, na jicho linaona Y peke yake na A peke yake. TA ya MAFUTA ina ugonjwa huohuo. Na Kiswahili hakituachii pa kukimbilia, maana hatumalizi sentensi bila YA, WA, VYA au KWA. Fundi anayejua kazi huisogeza A mpaka mguu wake uingie chini ya tawi la Y. Ukishika rula utamkuta amekosea vipimo. Rudi nyuma hatua kumi, neno limetulia.

Watu wakisikia habari za usanifu wa herufi hufikiria kuchagua fonti. Mimi naona fonti ndiyo sehemu ndogo ya kazi. Kubwa ni kuugawa uwazi: ndani ya herufi, kati ya herufi, kati ya neno na neno, na ule wa pembezoni unaolifanya bango lipumue.

Mtazame fundi wa vibao anapoanza. Ubao umepigwa msasa na rangi ya chini imekauka. Anavuta uzi uliopakwa chaki, anauachia mara moja, unaacha mstari. Anahesabu herufi, anatafuta katikati ya maneno, kisha anachora kwa chaki akielekea pembeni. O anaivusha mstari kidogo juu na chini, kwa sababu duara likigusa tu mstari huonekana fupi kuliko jirani zake. Ndipo brashi inaingia kwenye rangi ya mafuta, kiganja kikiegemea fimbo kisiguse mahali pabichi. Asiyehesabu tunamfahamu sote: anaanza na MAFUTA ya kifahari, anafika ALIZE, ubao umekwisha, na TI inapanda juu kwenye kona kama abiria aliyekosa kiti.

Kompyuta imeondoa aibu hiyo, ikaleta nyingine. Neno likiwa refu, na Kiswahili kina TUNAKAMUA na WANAOHITAJI, mwenye haraka hulibana kwa pembeni mpaka lienee. Mistari iliyosimama inakonda, iliyolala inabaki na unene wake, O inakuwa yai lililokanyagwa. Dawa yake ni fonti iliyochorwa nyembamba tangu mwanzo, au kupunguza maneno.

Kupunguza maneno ndiko kunakowashinda wenye maduka, wala siwalaumu, kwani bango wamelilipia. Lakini tupige hesabu. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde. Herufi yenye kimo cha sentimita 10, kwa kadirio la kawaida la watengeneza mabango, husomeka mpaka mita 40 hivi. Abiria wa dirishani ana sekunde zisizotimia mbili. Maneno matatu yanamtosha. Ukiongeza “karibuni wateja wetu wote kwa huduma bora na bei nafuu” kwa ukubwa uleule, hasomi hata alizeti.

Waingereza walilihangaikia jambo hilohilo walipojenga barabara zao za mwendo kasi. Ya kwanza, karibu na Preston, ilifunguliwa mwaka 1958, na vibao vyake vilisanifiwa na Jock Kinneir pamoja na Margaret Calvert, mzaliwa wa Durban. Walitumia herufi ndogo zinazotanguliwa na kubwa moja, kwa hoja kwamba neno lenye mabonde na vilele hutambulika kwa umbo lake kabla ya kusomwa. David Kindersley, mchonga herufi, akapinga, akatetea herufi kubwa. Herufi za pande zote mbili zikapimwa uwanjani, watu wameketi na gari likiwajia na kibao juu yake. Matokeo yalikaribiana. Za Kinneir na Calvert ndizo zilizobaki barabarani.

Kwa hiyo siwezi kuwakemea mafundi wa Singida kwa kupenda herufi kubwa. Kanga inawatetea. Jina lake, ambalo zamani liliandikwa kwa hati ya Kiarabu, leo husimama kwa herufi kubwa tupu, mstari mmoja juu ya pindo la chini, na hakuna anayelalamika kwamba hasomi. Lakini ni mstari mmoja. Ukiandika aya nzima hivyo umejenga ukuta.

Rangi nayo ina mtego wake huku. Kila mwenye kinu anataka njano, kwa kuwa ua ni la njano na mafuta ni ya njano. Njano juu ya nyeupe, jua la saa saba likiwaka, haionekani. Wajuzi huzungushia kila herufi wino mweusi, au hugeuza mambo: ubao wote njano, herufi nyeusi.

Kisha upepo. Singida ina upepo ambao wawekezaji wameupigia hesabu za kuzalisha umeme, na mabango ya plastiki yanaujua vizuri zaidi. Wenye nayo huyatoboa ili upepo upite, na tundu hupenda kuangukia katikati ya neno. Msanifu anayeifahamu Singida huacha ukingo mpana usio na maandishi, wa matundu na kamba. Aliyelichora bango akiwa mbali amelijaza mpaka ncha.

Namba ya simu huwekwa mwisho kabisa, kwa herufi ndogo kuliko zote, ilhali ndiyo inayoleta mteja. Tarakimu kumi zikifuatana bila nafasi hakuna anayezishika. Zigawe nne, tatu na tatu, na mtu atazitamka moyoni hadi atoe simu mfukoni. 6 ifunguke vya kutosha juu, isisomeke 8. 1 isifanane na 7. Kama nafasi haitoshi, futa “huduma bora”, namba ikuzwe.