Sauti ya Merege katika Nyimbo za X Plastaz

Kundi la X Plastaz liliundwa Arusha mwaka 1996, na wengi walioliandikia wamelipa sifa moja tu, kwamba lilichanganya hiphopu na uimbaji wa Kimaasai. Sifa hiyo ni kweli, lakini haijagusa fani. Swali letu ni hili: je, sauti ya Merege, yaani Yamat Ole Meipuko, ni nguzo ya nyimbo hizo, au ni ushanga tu?

Mhakiki aliyezoea kupima vina na mizani atasema ni ushanga. Maudhui hubebwa na Kiswahili cha Gsan, Nelly na Ziggy. Kimaasai huja na kupita, na asiyekijua hubaki na mlio. Nami niliona hivyo niliposikiliza Maasai Hip Hop, albamu iliyotolewa Ujerumani na kampuni ya Out Here mwaka 2004. Hata jina lake lilinitia shaka: lamwita mnunuzi wa Ulaya kuliko msikilizaji wa Arusha.

Lakini uimbaji huo una kanuni zake, na aliyezaliwa Kajiado hahitaji kufundishwa. Olaranyani hutoa mstari. Wenzake humjibu kwa mvumo wa kooni, nao ndio ushikao mapigo, kwa kuwa ngoma haimo. Hiphopu nayo ni sauti moja irushayo maneno juu ya mdundo unaojirudia. Fani hizi mbili zilikuwa jirani kabla hazijakutanishwa.

Mlinganisho unaofaa ni Mr Ebbo na wimbo wake "Mi Mmasai" wa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Humo Mmasai anasema Kiswahili kwa matamshi ya kwao, nasi twacheka, ingawa Ebbo kwa werevu alikigeuza kicheko kiwarudie watu wa mjini. Merege hamchekeshi mtu. Anaimba kwa lugha yake na kutuacha sisi ndio wageni. Jambo hili lina uzito Kitengela, mji ulioota katika malisho ya Ilkaputiei baada ya ardhi ya pamoja kugawanywa na vipande kuuzwa, ambako leo Kiswahili na Sheng ndizo lugha za sokoni.

Nelly aliuawa mwaka 2006. Mwaka 2009 Gsan alighani kwa Kiswahili katika tuzo za hiphopu za BET huko Marekani, bila ule mvumo.