Nyuzi Nane za Jathum

Mwaka 1918 mtunzi wa muziki Igor Stravinsky alikuwa Uswisi. Vita na mapinduzi vilikuwa vimemkatia njia ya kurudi kwao Urusi, na mfukoni hakuwa na kitu. Miaka mitano kabla ya hapo aliitikisa Paris kwa okestra kubwa ya Le Sacre du printemps. Sasa aliketi na mwandishi C. F. Ramuz wakatunga mchezo mdogo wa kuzungushwa mji hadi mji: wapiga vyombo saba, msimulizi, waigizaji wachache na mcheza dansi. Uliitwa L'Histoire du soldat, nao ulichezwa mara ya kwanza Lausanne tarehe 28 Septemba. Askari anampa shetani fidla yake, anapewa kitabu cha kumtajirisha. Mali anaipata, raha haipati, na mwishowe shetani anamchukua.

Mimi nikiusikia mchezo huo nakumbuka Nyandiwa, kule Gwassi, Homa Bay. Huko ndiko wanakosimulia habari za Nyamgondho wuod Ombare, mvuvi fukara aliyetega wavu akavua bibi kizee. Akamchukua nyumbani, na asubuhi zizi likajaa ng'ombe. Mali ikamlevya kama pombe ilivyomlevya. Usiku mmoja akarudi amelewa, akamtukana yule mama. Mama akainuka akaelekea ziwani, na mifugo yote ikamfuata ndani ya maji. Nyamgondho akabaki ufukweni ameegemea fimbo yake mpaka akageuka mti. Hadithi mbili za watu wasiojuana, na shimo walilotumbukia ni moja.

Stravinsky alihitaji watu saba kupiga muziki wa hadithi yake. Jathum, yaani mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, hufanya kazi hiyo peke yake, tena ameketi. Mtazame anavyojiandaa. Anaweka kigoda chake kifupi, anailaza nyatiti ubavuni, anafunga njuga za gara mguuni, kisha anavaa pete nzito ya chuma, oduong'o, kwenye kidole gumba cha mguu. Bakuli la nyatiti ni la mti uliochongwa, limewambwa ngozi ya ng'ombe. Nyuzi ni nane. Zamani zilikuwa za mishipa ya ng'ombe. Siku hizi nyingi ni za nailoni, uzi uleule wa wavuvi. Wazee husema nne ni za siku nne za mtoto wa kiume kuzaliwa, na nne ni za kumwomboleza akifa.

Vidole vinapoanza kutembea, mguu nao una kazi yake. Pete inagonga mti wa nyatiti, gara inaitikia, na juu yake sauti ya mwimbaji inapita kwa mwendo wake yenyewe. Katika maandamano yanayofungua mchezo wa Stravinsky, besi inakanyaga hatua ileile bila kuyumba huku vyombo vingine vikibadili hesabu juu yake. Wanaosomea muziki huusifu sana ufundi huo, na wana haki. Kwa jathum, besi hiyo ni kidole cha mguu.

Lakini kilichonifunga mimi ni pakruok, ile desturi ya msikilizaji kusimamisha muziki ili ajisifu na kuwasifu watu wake. Nilikuwa matangani Karungu, Migori. Katikati ya maombolezo mzee mmoja aliinua mkono, akatoa noti, akasimamisha muziki. Nyuzi zikanyamaza zote. Pete haikunyamaza: iliendelea kugonga taratibu, na njuga zikitetemeka kwa mbali. Mzee akajisifu, akawasifu wakwe zake, akamsifu marehemu na watu wa ujombani kwake. Alipoketi, uzi wa kwanza haukuingia pale ulipoachia. Uliingia mbele kidogo, kana kwamba wimbo ulikuwa umetembea chini kwa chini muda wote huo. Na ubeti uliofuata tayari ulikuwa na jina la yule mzee ndani yake.

Ule ni utunzi unaofanyika hadharani, katika muda wa mtu kurudi kitini. Hakuna pazia, na asiyejua aketi wapi hujikuta ndani ya mchezo. Stravinsky aliandika kila noti kabla ya onyesho. Jathum huacha mlango wazi ili yeyote mwenye neno aingie, kisha anaufunga bila wimbo kupata ufa. Nimewasikiliza wapiga vyombo wengi wenye mikono myepesi kuliko yule wa Karungu. Sijasikia aliyenyamaza vizuri kama yeye.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa Migori na Homa Bay wanaotayarisha michezo ya mashindano ya shule: mkimleta Nyamgondho jukwaani, wekeni kinanda cha umeme kando. Tafuteni jathum mmoja, mpeni kigoda chake mbele kabisa, na waacheni watazamaji wamsimamishe.