Mazoezi ya Kuchora ya Vincent van Gogh: Yalimpa Nini?

Kiswahili kina neno moja, kuchora, mahali ambapo wasanii wenyewe huona kazi mbili. Mwenye penseli anachora, na mwenye brashi na rangi naye anachora. Hata anayekata nakshi kwenye ubao wa mlango, kwa maana ya zamani ya neno hilo, anachora. Labda ndiyo sababu mtu akitaja Van Gogh darasani sote tunaona rangi, yale manjano ya alizeti, na hatukumbuki kwamba mwanzoni alishika penseli na mkaa tu, akijizuia makusudi asikimbilie rangi kabla mkono wake haujawa tayari. Michoro yake iliyobaki inazidi 1,000. Katika insha hii nataka kuitazama ile ya mazoezi na kuuliza ilimpa nini. Jibu la kawaida ni kwamba ilimfundisha kuchora sawasawa. Mimi sikubaliani nalo.

Alianza mwaka 1880, akiwa na miaka 27, katika eneo la migodi ya makaa ya mawe la Borinage nchini Ubelgiji. Alikuwa amekwisha kujaribu biashara ya picha, ualimu na uhubiri, na kote huko hakufika mbali. Aliomba aazimwe karatasi za mafunzo za Charles Bargue, ambazo Mfaransa huyo alizitayarisha pamoja na Jean-Léon Gérôme. Waliozichapisha ni Goupil, kampuni ileile iliyomwajiri Van Gogh ujanani na kisha kumwachisha kazi. Seti ya mazoezi ya mkaa ilikuwa na karatasi 60 za miili mitupu: mwanafunzi ananakili mstari wa nje wa mwili mpaka macho yake yazoee kupima. Van Gogh alizinakili zote, akarudia tena. Hakuwa na mwalimu pembeni wa kumwambia mguu umekuwa mrefu.

Na miguu ilikuwa mirefu kweli, au mifupi. Ukitazama watu aliowachora Etten mwaka 1881, wakulima wanaochimba na wanaopanda, unaona viungo vilivyokakamaa na kichwa kilichowekwa juu ya mabega kama kitu kilicholetwa kutoka kwingine. Mstari umekandamizwa kwa nguvu, kama wa mtoto anayeogopa kukosea herufi. Lakini katika mwaka huohuo kuna mchoro mmoja ambao kwangu ndio ufunguo wa jambo zima: Mpanzi, alioufanya kwa kalamu ya wino akifuata kazi ya Jean-François Millet. Van Gogh hakuwa na picha ya rangi ya Millet mbele yake. Alikuwa na chapa iliyochongwa na mtu mwingine kutokana na picha hiyo. Basi alinakili kila kitu, pamoja na vile vistari vidogo vya mchongaji, vinavyopishana na kubanana ili kuonyesha kivuli. Mtu angeweza kumcheka kwa hilo, kwamba ananakili nakala. Mimi naona kwamba hapo, bila mtu kumfundisha, alijifunza kwamba udongo, nguo na anga vinaweza kutofautishwa kwa aina ya alama peke yake.

Linganisha mchoro huo na ile aliyoifanya Arles, kusini mwa Ufaransa, mwezi wa Julai 1888, akitazama tambarare ya La Crau kutoka kilima cha Montmajour. Sasa anatumia kalamu ya utete. (Neno kalamu lenyewe linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya utete, na watoto wa vyuo vya Kurani katika pwani yetu waliandikia kalamu kama hiyo kwenye mbao zao.) Nukta ni shamba la mbali, vistari vilivyosimama ni majani ya karibu, vilivyolala ni matuta. Hakuna rangi hata tone, ila jicho linatembea kilomita nyingi. Mpanzi wa 1881 yumo ndani ya karatasi hizo, ingawa hakuna mpanzi aliyechorwa. Miaka saba ya kurudiarudia ilimpa msamiati wa alama. Usahihi wa mwili, ambao ndio karatasi za Bargue zilikusudia kufundisha, ulimjia kwa shida, na wakati mwingine haukuja.

Ushahidi ni Walaji Viazi, picha ya mwaka 1885 aliyoifanya kijijini Nuenen. Kwa majira ya baridi yaliyotangulia alichora vichwa vya wakulima kimoja baada ya kingine, takriban 40 kwa rangi, mbali na michoro ya mikono na majaribio ya mpangilio. Rafiki yake Anthon van Rappard alipoona chapa ya picha hiyo alimwandikia barua kali. Alidai kwamba mwanamume wa kulia hana goti, tumbo wala mapafu, na mkono wake ni mfupi kupita kiasi. Van Gogh alikasirika akairudisha barua. Wahakiki wengi humtetea, na kumfanya Van Rappard aonekane mtu asiyejua sanaa. Kwangu Van Rappard aliona vizuri: mwanamume yule kweli hana tumbo. Alichokosa kuuliza ni kwa nini vichwa vina uzito wa ajabu wakati miili inayumba. Nafikiri sababu ni nyepesi. Aliyefanya mazoezi ya vichwa alipata vichwa. Watu watano waliokaa meza moja, magoti yao yakikutana chini yake, hakuwa amewarudia mara 40.

Sisi tunaosoma Uganda swali hili tunalo nyumbani. Margaret Trowell alipoanza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937, alihofia kwamba kunakili vielelezo vya Ulaya kungeua jicho la mwanafunzi wa Kiafrika. Alipendelea kuwasimulia hadithi, nao wachore walichokiona akilini. Baada yake, kuanzia 1958, Cecil Todd aliigeuza shule ielekee kwenye mafunzo rasmi ya kisasa. Mabishano hayo hayajaisha, na kwa wengine kunakili ni utumwa mtupu. Namheshimu Trowell kwa hofu yake. Sanamu ya plasta ya Mgiriki ingemfaa nini kijana aliyetoka Machame? Hata hivyo nikitazama picha za mwanafunzi wake Sam Ntiro, pamoja na kwamba baadaye alisoma Slade huko London, ninaona migomba na milima ya Uchaggani iliyochorwa kwa mapenzi makubwa, na watu wanaofanana mno mkao wao. Ningependa kuona Ntiro aliyekaa mwezi mzima akichora mgongo wa mtu mmoja aliyebeba mkungu.

Ila mgongo huo angeuchagua mwenyewe. Hapa ndipo Van Gogh anapotusaidia zaidi kuliko pande zote mbili za mabishano yetu. Alinakili kwa hiari, akarudia alichokitaka: Bargue, Millet, michoro ya magazeti ya Uingereza aliyoikusanya. Chuo cha sanaa cha Antwerp kilipomweka mbele ya sanamu za plasta mwanzoni mwa 1886, akisahihishwa na walimu, aligombana nao akaondoka baada ya wiki chache. Kazi ilikuwa karibu ileile. Aliyepanga kazi ndiye aliyebadilika.

Walimu wetu hupenda kusema haba na haba hujaza kibaba. Kwa uchoraji sijui kama methali hiyo inafaa, maana kibaba cha mchoraji kinavuja. Mwezi wa Juni 1890, Van Gogh akiwa Auvers, mtu aliyekwisha kuchora Usiku wa Nyota na alizeti zote zile, alimwandikia ndugu yake Theo akiomba apelekewe zile karatasi 60 za Bargue. Alitaka kuzinakili zote upya, akihofia kwamba asiporudia uwiano na mwili mtupu angekwama baadaye. Alikuwa na miaka 37. Alifariki mwezi uliofuata.